Averla ya Tatu

Baa yetu iko kwenye barabara ya kwenda Vignola, nje kidogo ya Modena. Niliirithi kwa baba nikaishika miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo meza ya pembeni, karibu na mashine ya kahawa, ilikuwa ya Ermes Vandelli na Learco Bondioli. Mgeni akikosea akaikalia, wenyewe walisimama kando wakimkodolea macho mpaka kahawa ikamshinda.

Wote wawili walikuwa mafundi bodi wa karakana ya mzee Lodesani, iliyokuwa na watu kumi na wanne na kwa mwaka mzima ikitoa magari saba au manane tu. Mashine ya kufinyanga bodi hawakuwa nayo. Walikuwa na gogo la mti, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, nyundo, na bati la alumini. Bati kubwa halifanyiwi kazi na mtu mmoja: mmoja hugonga, mwingine hushika na kuligeuza kadiri nyundo inavyotaka. Ermes aligonga, Learco alishika.

"Mimi ndiye usukani wake," Learco alipenda kutamba. "Bila mimi huyu angekuwa anatengeneza masufuria."

"Na bila mimi wewe ungeshika nini?" Ermes humjibu. "Kiuno cha Norma? Mkeo hakutaki hata jikoni, bwana!"

Ermes alisema kwa sauti ya juu, maana sikio lake la kushoto liliuawa na nyundo mapema. Siri zake zote tulizijua.

Mwaka 1966 mzee Lodesani aliamua kutengeneza gari la mbio akaliita Averla, jina la ndege wetu mdogo mwenye mdomo wa kimwewe. Yalitoka matatu tu. La kwanza nililiona mwenyewe likipita mbele ya baa, likiwa halijapakwa rangi, alumini tupu, likiendeshwa polepole na Nando, mdogo wake Ermes, dereva wa majaribio. Lilikuwa chini kiasi kwamba mbwa wa jirani alilitazama usawa wa macho. Mbele lilikuwa jembamba, halafu kuanzia mlangoni bati lilipanda taratibu, likafunika gurudumu la nyuma, likateremka tena bila kona hata moja, na hapo kwenye mteremko mwanga wa asubuhi ulikuwa ukitiririka kama maji. Wanaume waliacha karata mezani wakatoka nje. Padri alivua kofia, akajikumbuka, akairudisha kichwani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na magari hayakunihusu, lakini nakiri nilitaka kulishika. Nilivuka barabara nikaweka kiganja pale juu ya gurudumu. Nando akacheka: "Taratibu, Zelinda, kaka yangu anaona wivu!"

Novemba ya mwaka huo huo, Nando alikuwa akiijaribu Averla ya tatu kwenye kilima cha Serramazzoni. Tairi lilipasuka. Gari liliingia korongoni likawaka moto, na Nando hakutoka. Waliofika wa kwanza ni Ermes na Learco, waliokuwa wakifuata nyuma na pikapu ya karakana. Walimtoa wao, kwa mikono yao. Ermes hakuweza kulitazama lile gari tena, wala kulisikia likitajwa.

"Achana na hivyo vyuma," Learco alimwambia. "Nitavipeleka mwenyewe kwa wauza chakavu. Wewe kamzike mdogo wako."

Ermes hakusahau wema huo. Kwa miaka mingi, watu wakimteta Learco kwa uvivu au ulimi wake, Ermes aliwakatiza: "Huyu alinibebea nilichoshindwa kukibeba."

Nando aliacha mjane, Dina, mwenye mimba ya miezi minne. Ermes mwenyewe hakuoa. Nusu ya mshahara wake ilikuwa ikiingia mlangoni kwa shemeji yake, na mtoto wa Nando alisomeshwa na nyundo ya Ermes. Mzee Lodesani alifunga karakana miaka miwili baada ya msiba. Marafiki wawili wakaendelea na kibanda chao wenyewe, wakinyoosha milango ya malori na madigadi ya matrekta, mpaka wakastaafu.

Basi ukafika mwaka 1990, na wazimu wa magari ya zamani ukaingia dunia nzima. Watu walikuja kwetu kutoka Japani, kutoka Marekani, wakiuliza kama kuna kizee ana kipande cha gari ghalani. Averla ya kwanza ilikuwa Argentina, ya pili kwa tajiri mmoja wa Torino asiyemwonyesha mtu. Ya tatu kila mtu alijua iliungua.

Asubuhi moja Learco aliingia baa amenyoa ndevu vizuri, jambo ambalo si kawaida yake siku ya Jumanne. Aliketi, akaegemea upande wa sikio zima la Ermes.

"Kuna daktari wa Bologna," akasema. "Mzee wa watu, moyo mbovu. Alipokuwa kijana aliiona Averla ikipita akaapa siku moja ataimiliki. Sasa anataka nakala. Nakala tu, ya kuweka nyumbani aitazame kabla hajafa. Ametafuta fundi Italia nzima."

"Na wewe ukamwambia?"

"Nikamwambia fundi yupo ila ni kiziwi na ana kiburi."

Ermes hakucheka. Alikoroga kahawa yake ambayo hakuitia sukari. "Learco, lile gari silitaki. Unajua kwa nini."

"Najua. Mimi ndiye ninayejua kuliko wote." Learco alimshika mkono. "Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine. Mwache mtu mwingine alitengeneze vibaya, halafu hilo baya ndilo liitwe Averla? Nando angependa?"

Kwa jina la Nando Ermes aliacha kahawa mezani akatoka. Siku tatu hakuja baa. Ya nne alikuja, akamwambia Learco, "Tafuta bati."

Walifanya kazi miezi saba kwenye kibanda chao cha zamani. Nilikuwa nikiwapelekea chakula cha mchana, maandazi ya chumvi yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na divai yetu nyekundu yenye povu. Ermes hakuwa na mchoro. Aliviegemeza viganja vyake hewani, akafumba macho, akapima kitu ambacho mimi sikukiona, kisha akaanza kugonga. Akikosea hakujaribu kurekebisha. Alilisukuma bati pembeni na kuanza jipya. Mfupa wa bega ulimuuma, akajifunga kitambaa cha sufu. Lakini niwaambie kweli, sikuwahi kumwona mwenye furaha vile tangu ujana. Alipofika kwenye lile bega la nyuma, juu ya gurudumu, alianza kuzungumza na mdogo wake. Kwa sauti, kama kawaida yake. "Nando, hapa uliniambia upepo unapiga kelele, sasa nimeshusha kidogo. Nando, unaona?" Na Learco alikuwa ameshika bati upande wa pili, uso kwa uso naye, akiyasikia yote, akitikisa kichwa kukubali.

Bodi ilipokwisha, Learco alileta karatasi iliyopigwa taipu. "Daktari anataka kuitundika ukutani kwenye fremu," akasema. Iliandikwa: *Mimi Ermes Vandelli nathibitisha kwamba bodi ya Averla ya tatu niliitengeneza kwa mikono yangu.* Ermes aliisoma.

"Ya tatu iliungua. Hii ni ya nne, kama ina namba."

"Si uliitengeneza ya tatu kwa mikono yako? Kuna uongo hapo?"

"Hakuna."

"Basi tia sahihi, mzee wangu, daktari anangoja."

Ermes akatia sahihi kwenye kaunta yangu, kwa kalamu yangu. Gari likafunikwa turubai, likaondoka juu ya lori.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Siku ya soko, Dina aliingia baa. Alikuwa mwanamke wa kuvaa vizuri na kusema kidogo, na baa hakuwa mtu wa kuingia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza ya pembeni, ambako Ermes alikuwa peke yake akisoma gazeti, akamtupia mbele yake jarida la magari lenye kurasa za kung'aa.

"Soma, shemeji."

Ermes alitafuta miwani. Jarida lilikuwa na picha ya Averla, nyekundu, kwenye nyasi kando ya ziwa. Chini yake iliandikwa kwamba Averla ya tatu imepatikana baada ya miaka ishirini na tano, ikiwa imefichwa ghalani kwa mfanyabiashara wa hariri karibu na Como. Kwamba gari lililoungua Serramazzoni halikuwa Averla hata kidogo, bali bodi ya majaribio isiyo na thamani, iliyoharibiwa na dereva mmoja asiye makini. Kwamba injini ni ile ile ya asili na kibati cha namba kilichopigiliwa karakanani ni kile kile. Na kwamba fundi aliyeitengeneza, Ermes Vandelli, bado yu hai na amethibitisha kwa maandishi. Sahihi yake ilichapwa hapo, kubwa.

"Dereva mmoja," Dina alisema. "Asiye makini. Hata jina hawakumpa." Sauti yake haikupanda. "Niambie, Ermes. Mume wangu alifia kwenye gari gani?"

"Dina, mimi sikujua…"

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu, lakini…"

"Mwanangu amekuita baba mkubwa tangu ajue kusema. Sasa nimwambie nini? Kwamba umemuuza baba yake?" Akageuka akatoka. Jarida alituachia.

Ermes alikaa pale bila kusogea. Niliogopa moyo wake umesimama. Nilipomletea maji, alisema kitu kimoja tu: "Injini. Injini ameitoa wapi?"

Learco alikuja saa tano kama kawaida, akipiga mluzi. Aliliona jarida mezani, mluzi ukakatika. Watu walikuwepo, labda kumi, na wote waliacha walichokuwa wakifanya.

"Keti," Ermes alimwambia.

"Nitakueleza."

"Injini umeitoa wapi, Learco?"

Learco alitazama huku na huku, akaketi. "Ilikuwa itayeyushwa. Kule kwa wauza chakavu. Nikaona ni dhambi, injini kama ile. Nikaiweka kwa shemeji yangu, chini ya nyasi kavu."

"Na kibati cha namba?"

"Nacho pia."

"Lini?"

"Ermes…"

"Nakuuliza lini!"

"Wiki ile."

"Wiki ya mazishi," Ermes alisema. "Mimi namchagulia mdogo wangu jeneza, wewe uko na bisibisi unafungua kibati kwenye chuma alichoungulia."

"Sikuwa na nia mbaya wakati ule, naapa! Nilikitunza miaka yote, sikukigusa. Halafu bei zikapanda, na Norma anaumwa, na mimi nina nini? Pensheni ya kununulia chumvi? Daktari hakuwepo, sawa, nimekudanganya. Lakini Nando amekufa, Ermes. Amekufa hivi au vile. Hadithi ya kwenye jarida haimfufui wala haimuui mara ya pili."

Nilidhani Ermes atampiga, kwa mikono ile. Badala yake aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu iliyomshinda: "Nilipokuwa naongea naye pale kibandani. Ulikuwa unanisikia?"

Learco aliinamisha kichwa.

Ermes akachukua kofia yake. Tangu siku hiyo meza ya pembeni ilikaliwa na yeyote.

Kwanza alikwenda kwa kampuni ya mnada iliyolinadi lile gari, ng'ambo ya mpaka, kwa treni. Walimpokea kwa heshima, wakamkalisha kwenye kiti cha ngozi, wakamletea keki. Aliwaambia gari ni nakala, amelitengeneza yeye juzi juzi. Walitabasamu. Walimwonyesha ripoti ya mtaalamu, mhandisi mmoja wa Torino, iliyosema kwamba bodi ya namna hii haiwezi kughushiwa kwa sababu *hakuna fundi aliye hai leo mwenye uwezo wa kulifinyanga bega lile la nyuma kwa nyundo*.

"Nipo," Ermes aliwaambia. "Si mnaniona?"

"Mzee Vandelli, una miaka sitini na mbili na umestaafu. Na sahihi yako tunayo."

Gari lilikuwa limeshauzwa kwa bwana mmoja wa Lugano, kwa bei ambayo ingenunua mtaa wetu mzima pamoja na kanisa. Ermes akarudi, akaenda kwa mwendesha mashtaka wa Modena, akaandikisha maelezo yaliyomhusisha hata yeye mwenyewe. Mtaani watu walimnunia. Tulikuwa tumeanza kujivuna na ile Averla, watalii walianza kuja, na sasa huyu anataka kuivunja. "Anamwonea wivu mwenzake," walisema mbele yangu, wakidhani ninakubali. "Angenyamaza tu, nani angeumia?" Dina hakumfungulia mlango.

Kesi ilichukua muda, maana mhandisi alishikilia ripoti yake. Mwishowe hakimu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimuuliza Ermes: "Unaweza kulitengeneza tena bega hilo mbele ya mtaalamu?"

"Nikipewa bati na siku tatu, Mheshimiwa."

Likafanyika mwezi Juni, kwenye ua wa shule ya ufundi. Averla ililetwa kutoka Lugano ikiwa na ulinzi, ikawekwa kivulini. Alikuwepo mhandisi, mawakili, bwana wa Lugano na miwani yake ya jua, na sisi wa mtaani nyuma ya kamba. Learco alikaa kwenye benchi la washtakiwa waliloliweka chini ya ukuta. Alikuwa amekonda. Hakimu aliamuru gari lifunikwe ili Ermes asilitazame, na Ermes akasema hata wangelipeleka mwezini sawa tu.

Siku mbili za kwanza aligonga peke yake, vipande vidogo. Ya tatu ilibaki kuviunganisha na kulipandisha bega lote kwa pamoja, na hapo bati likawa kubwa kuliko mikono yake. Walimpa msaidizi, mwalimu wa kuchomelea wa pale shuleni. Mtu mzuri, lakini hakujua. Nyundo ikishuka yeye alikaza badala ya kulegeza, na bati likaanza kukunjamana. Ermes akasimama akifuta jasho. Wakili wa Learco alimnong'oneza mwenzake, wote wakatabasamu. Mhandisi akaandika kitu.

Learco akainuka.

"Kaa chini!" wakili wake akamwambia. "Una wazimu? Kaa!"

Hakukaa. Alivuka ua, akamsogeza yule mwalimu kwa kiwiko, akalishika bati pale linaposhikwa. Hakimu akainua mkono kuwazuia mawakili. Ermes aliitazama mikono ile ya mwenzake juu ya bati. Kisha akainua nyundo.

Sijui niliseme vipi. Nyundo ilishuka, bati likazunguka, likashuka, likazunguka, na wote wawili walikuwa wakitokwa na machozi au jasho, sikuweza kutofautisha. Alasiri walilifunua gari, wakaliweka lile bati jipya juu ya bega la kushoto. Mhandisi alipitisha karatasi nyembamba katikati ili aone itapita wapi. Haikupita popote. Alilizunguka gari mara mbili, akavua miwani, akamwendea Ermes akampa mkono. "Niliandika kwamba fundi huyo hayupo," akasema. "Nakuomba radhi."

Watu wa nyuma ya kamba walipiga makofi, wale wale waliomnunia. Learco alikuwa bado amesimama pale, mikono ikining'inia.

"Sasa tumelipana, Ermes?" aliuliza. "Nimejifunga mwenyewe kwa mikono yangu. Tumelipana?"

"Hapana," Ermes alisema, akaanza kuzikusanya nyundo zake.

Hukumu ilitoka baada ya Krismasi. Gari liliandikwa kuwa ni nakala. Bwana wa Lugano alirudishiwa fedha zake, na kwa kuwa hakuna aliyelitaka tena, alilinunua upya kwa bei ya gari la kawaida. Nasikia analiendesha hata kwenye mvua. Learco alihukumiwa kifungo lakini kwa umri wake hakuingia ndani. Aliuza nyumba akahamia kwa binti yake huko Rimini, na Norma alifia huko. Lile jarida lilichapa masahihisho mistari sita, na katika mistari hiyo jina la Nando Vandelli liliandikwa kamili. Dina alikuja nayo baa, akamsomea Ermes kwenye sikio zima, neno kwa neno. Kisha akamwambia Jumapili aje kula, supu itakuwepo. Alikwenda. Lakini Dina mwenyewe aliniambia kwamba kuna kitu kati yao hakikurudi. Ermes alikula ametazama sahani, kama mkopaji.

Learco alipofariki, miaka minne baadaye, walimleta kuzikwa kwetu. Ermes hakwenda. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akifunga mizabibu kwenye nguzo, na kengele ya kanisa inasikika hata kwa kiziwi.

"Hukumsamehe?" nilimuuliza.

Alifunga fundo, akakata kamba kwa kisu.

"Kibati nimemsamehe," alisema. "Uongo wa daktari, nimemsamehe. Hata sahihi. Mtu akiwa na njaa anaiba." Akahamia kwenye mzabibu wa pili. "Ila ile miezi saba, Zelinda. Nilidhani tunamlilia Nando pamoja. Kila siku nilikuwa naamka nina furaha ya kwenda pale, mimi na rafiki yangu. Kumbe nilikuwa peke yangu, nikiongea na maiti mbele ya mtu anayengoja nimalize. Hiyo miezi siwezi kuikumbuka tena bila kuona haya. Hiyo angenirudishiaje?"

Nilimshikia kamba mpaka mstari ukaisha.